Mguu Uliozoea Pedali Ngumu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza na gari lililoingia karakana bila sauti. Kamionete nyeupe, mifuko ya maharagwe imepangwa nyuma, watu wamekaa juu ya mifuko, na injini imezimwa. Kilichosikika ni mawe madogo yakisagika chini ya matairi. Papa Ndoole, mzee aliyenifundisha kazi, alikuwa amelala chini ya gari jingine, hakuona kitu. Alisema tu, bila kutoka: "Shofere mwenye kuzima motere njo huyo."

Aliyekuwa kwenye usukani ni Hangi, mdogo wangu anayenifuata. Ni baba yako.

Juzi uliniambia kwamba mwenye kamio amekubali kukupa usukani wa lori lake, kutoka hapa Itebero mpaka Walikale. Ulikuja ukicheka. Mimi niliingia ndani nikakaa kitandani, na ukafikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia, maana mama yako hajawahi kukueleza vizuri jinsi baba yako alivyokufa, na mimi nilinyamaza naye. Sasa unashika gari la watu. Siwezi kunyamaza tena.

Karakana ya Papa Ndoole ilikuwa Kitshanga, nyuma ya soko la ng'ombe. Ilikuwa uwanja wa mawe meusi na mabati machache juu ya nguzo za mikaratusi. Mimi nilifika pale baada ya wazazi wetu kufariki, mmoja akimfuata mwenzake katika msimu uleule wa mvua. Niliacha shule kabla ya kumaliza ile ya msingi. Kulikuwa na wadogo nyuma yangu, na mzaliwa wa kwanza ndiye anayetafuta chakula, hakuna aliyekaa kunieleza hilo. Nilimwambia Papa Ndoole kwamba naweza kuosha vyuma. Akanipa vyuma nikaosha. Hangi nilimwacha shuleni, lakini naye hakukaa muda mrefu. Alipenda magari kama watoto wengine wanavyopenda mpira, na mama mmoja mfanyabiashara wa maharagwe wa Nyamitaba akamwamini akampa kamionete yake.

Sasa nikueleze desturi ya madereva wa milima ile, kwa sababu kila kitu kimetoka humo. Kwetu mafuta yalitoka Goma kwenye bidoni za plastiki, yalikuwa haba siku zote. Kwa hiyo dereva akifika juu ya mshuko mrefu, alizima injini na kuliacha gari lishuke lenyewe. Hakuna aliyeona ni ubaya. Ilikuwa ni sifa. Vijana walibishana nani aliyeteremka mbali zaidi bila kuwasha. Na abiria waliipenda sehemu ile, kwa sababu injini ikinyamaza watu wanasikiana. Palepale mama mmoja alianza wimbo wa kanisa, wengine wakapokea, wakashuka wakiimba mpaka chini. Ukiwa shambani ulisikia wimbo kabla hujaona gari, ukajua kuna kamionete inateremka.

Siku ile Hangi alileta gari kwa sababu ya usukani. Alisema unalia kama mbuzi anapokata kona taratibu, tena ni mzito. Papa Ndoole akaniambia nitafute, akabaki amekaa juu ya tairi akimenya ndizi.

Nilifanya alivyonifundisha. Kwanza nililiinua gari mbele, magurudumu yakaning'inia, nikazungusha usukani kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ulienda laini pande zote mbili. Basi viungo vya chini vilikuwa vizima, havikukwama wala havikuliwa na kutu. Tatizo lilikuwa kwenye ule msaada unaotoka kwa injini. Nikafungua kopo la mafuta ya usukani. Yalikuwa yamepungua, na juu yake kulikuwa na povu kama la sabuni, yaani pampu ilikuwa inavuta hewa pamoja na mafuta. Nikafuata bomba kwa kidole mpaka nikapata pale linapovuja, kwenye kibano. Na mkanda wa pampu ulikuwa umelegea, umelowa mafuta, unateleza. Kile kilio kilitoka hapo.

Nikakaza kibano, nikafuta mkanda na kuukaza, nikaongeza mafuta. Kisha nikazungusha usukani polepole kulia na kushoto, magurudumu yakiwa bado hewani, mpaka povu likaisha. Tuliposhusha gari na kuwasha, usukani ukazunguka kwa kidole kimoja. Hangi alipiga makofi, akauliza kama sasa anaweza kwenda.

"Ngoja," Papa Ndoole akasema. "Pima na freni."

Hangi akacheka. Akasema hakuja kwa ajili ya breki, breki ziko sawa.

Hiki kipimo nataka ukijue kama unavyojua jina lako. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Hapo umemaliza nguvu iliyokuwa imebaki ndani ya servo, kile chombo cha duara kama sufuria nyeusi kilicho mbele ya pedali, kinachousaidia mguu wako. Usitoe mguu. Uache umekanyaga, kisha washa injini. Kama servo ni nzima, pedali itashuka kidogo chini ya mguu wako, kama mtu aliyeshusha pumzi. Usiposikia ile pumzi, servo haisaidii.

Nilikanyaga, nikawasha. Pedali haikushuka hata kidogo. Nilichosikia ni hewa ikipuliza karibu na mguu wangu.

Nikachomoa bomba la hewa kwenye servo huku injini inawaka, nikaweka kidole gumba. Bomba lilinyonya kidole kwa nguvu. Basi pampu ya hewa ilikuwa nzima, na bomba halikuwa na tatizo. Ni servo yenyewe, ngozi ya ndani ilikuwa imepasuka. Papa Ndoole alikuja akaweka sikio, akakubali kwa kichwa. Kisha akamuuliza Hangi tangu lini pedali iko hivi.

"Iko sawa tu, Papa," Hangi akajibu. "Iko ngumu sawa siku zote."

"Siku zote tangu wapi?"

"Siku zote. Servo iko ya wazee. Miye, muguu yangu njo servo."

Abiria waliobaki wakacheka sana, hata mimi nikacheka. Papa Ndoole hakucheka. Aliweka chini ganda la ndizi.

"Sikiliza, mutoto. Mwenye kuwasha motere, siku servo inakufa anajua palepale, pedali inamukatalia. Weye unazima motere ku kila mushuko, pedali iko ngumu kila siku. Muguu yako ilishazoea. Servo ilikufa na haikukuambia, sababu uliifundisha kunyamaza."

Hangi akaangalia chini. Nilidhani maneno yameisha, lakini mzee akanigeukia mimi. Akasema nami nisicheke, kwa sababu niko vilevile. Alisema anaona kwamba saa ya kula huwa nasema nimeshiba, kisha nafunga chakula changu kwenye kitambaa na kukipeleka nyumbani. Alisema ninawabeba wadogo zangu bila kumwomba mtu, na nikiulizwa najibu iko sawa. "Siku moja utakuwa umevunjika," akasema, "na hautajua."

Nilikuwa kijana, niliona anachanganya habari za gari na za watu.

Papa Ndoole aliamua kwamba gari halitoki. Vitu vingi tulivishona kwa kipande cha mpira wa tairi, Mungu atusamehe, lakini servo haifunguliwi, imebanwa kiwandani. Ilibidi mpya itoke Goma. Hangi alikasirika, na mama mwenye gari alikasirika zaidi, alikuja na kitenge chake kizuri akatuita wavivu. Nilichukua ufunguo nikauvaa shingoni kwa uzi. Nikamwambia hata Hangi akilia gari hili halitoki, na mimi nikisema kitu nimesema. Mama yule akaagiza servo kwa dereva mmoja wa kamio la makala, yaani makaa.

Yule dereva hakurudi mapema. Barabara ya Goma ilifungwa. Ilifungwa jinsi inavyofungwa mpaka leo, watu wenye silaha huku, wengine wenye silaha kule, na raia katikati wakiuliza kama leo kunapitika. Hangi alikuja karakana kila asubuhi. Aligonga mlango wa kamionete na kuisalimia: "Mama mugonjwa, umeamuka?" Mama yako, Neema, alimletea chakula pale. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Ndani ulikuwemo wewe.

Halafu ikafika asubuhi ambayo milio ya risasi haikuwa mbali tena. Unajua asubuhi hizo, nawe umezikimbia. Watu walipita na magodoro, na kuku, na wagonjwa kwenye machela ya miti. Wengine waliingia uwanjani, wakasimama wakiitazama ile kamionete. Kulikuwa na bibi vizee, na mama waliojifungua juzi, na mzee mmoja asiye na mguu. Walitutazama tu.

Mwanangu, nimelifikiria jambo hili kwa maisha yangu yote. Tuliujua ugonjwa wa gari lile. Tuliijua dawa yake. Dawa ilikuwa Goma, na vita vilikuwa nyuma ya kilima. Ungefanya nini? Nimewauliza wachungaji, nimewauliza mafundi wenye mikono myeupe kuliko yangu. Kila mmoja amenirudishia swali lilelile.

Papa Ndoole alinyoosha mkono, nikavua ufunguo shingoni. Hakumpa Hangi mara moja. Alimshika mkono pamoja na ufunguo.

"Iko njia moja tu," akasema. "Vitesi ya kwanza, toka juu mpaka chini. Motere itakushikia gari kuliko freni. Isizimike. Hata mafuta ikiisha nusu ya njia, iishe ikiwa inawaka. Umesikia?"

"Ndiyo, Papa."

"Sema."

"Haitazimika."

Nami nikaenda dirishani. Sikuwa na maneno mapya, nikarudia yaleyale. Hangi akaniambia, "Yaya, nimesikia. Weye unasemaga mara mbili mbili sawa mama." Alisema akitabasamu. Kwetu yaya ni mkubwa wa kuzaliwa, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kinywani mwake. Neema alikaa mbele, upande wa pili. Nyuma walijaa mpaka chuma kikalia. Mimi na Papa Ndoole tulitembea kwa miguu na wale wenye nguvu, tukifuata barabara ya Nyamitaba.

Mwanzo ni mpando, kwa hiyo gari lilitutangulia taratibu, na tuliendelea kulisikia. Injini ilinguruma kule juu. Papa Ndoole alitembea akiinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza kama anavyosikiliza gari karakana. Lilipofika kwenye mgongo wa kilima, sauti ikabadilika, ikawa nzito na ya chini. Alikuwa ameweka gia ya kwanza. Mzee akasema, "Vizuri." Tukatembea. Sauti ile nzito ikaendelea kona baada ya kona. Tulifika mgongoni nasi, tukaanza kushuka, na gari tulilisikia chini yetu, limefichwa na mikaratusi. Milio ya risasi ilikuwa nyuma ya kilima sasa, imefifia. Nilianza kupumua.

Halafu injini ikanyamaza.

Papa Ndoole alisimama katikati ya barabara. Mimi nilijiambia labda wamefika chini. Na wakati najiambia hivyo, wimbo ukaanza. Sauti ya mama mmoja, ndogo, kisha wengine wakapokea, kama walivyopokea siku zote injini iliponyamaza. Sijui kama ni shukrani kwamba wametoka hai, sijui kama ni mazoea tu. Walikuwa wanaimba vizuri. Mzee alitupa mzigo wake akaanza kukimbia, mtu wa umri ule, nami nikampita nikikimbia, na wimbo ulikuwa unaenda mbali kwa haraka kuliko inavyotakiwa. Kisha ukakatika kwenye neno.

Baadaye mama yako alinieleza kidogo, mara moja tu. Alisema Hangi hakuamua. Alikuwa anamwambia habari ya jina lako, kama ukizaliwa wa kiume. Barabara ikanyooka kidogo, wakafika pale ambapo yeye huzima siku zote, pale penye jiwe kubwa jeupe. "Mukono yake ilienda yenyewe," Neema alisema. "Miye niliiona ikienda." Akazima, akaondoa gia, akaendelea kuongea. Alipogundua, gari lilikuwa limeshika mbio na uzito wa watu wote wale. Alikanyaga pedali kwa miguu yote miwili. Alizungusha ufunguo, injini haikuitika. Usukani ule niliourudisha ukawa laini kama wa mtoto, bila injini ukawa mti. Na mbele kulikuwa na kona, na kulia ni bonde. Baba yako aliuvuta ule usukani kushoto kwa mwili wake wote, alisimama nao, mpaka gari likaacha barabara na kujibamiza kwenye ukuta wa kilima. Upande wa dereva, ambao kwetu ni wa kushoto, ndio uliopokea.

Walivunjika mikono, walivunjika mbavu. Mzee asiye na mguu alitupwa kwenye viazi vya mtu na akaamka. Aliyekufa ni mmoja.

Papa Ndoole alikaa chini kando ya tairi, akaweka kiganja juu ya boneti lililokuwa bado na joto. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba maneno yalifika masikioni, hayakufika mkononi. Naye hakuona mwaka uliofuata.

Sisi tulitembea. Nyamitaba hapakukalika, mahali pengine hapakukalika, tukashuka mpaka kwenye misitu ya Walikale, na wewe ulizaliwa njiani. Wadogo zangu wengine nimewatawanya huku na huku kama mbegu, mmoja sijui kama yuko hai. Mashamba yetu ya kilimani analima mtu nisiyemjua. Nimengoja miaka yote hii nikisema barabara itafunguka, na ikifunguka inafungwa. Sitakudanganya kwamba mambo yanakwenda kuwa mema. Sijaona dalili.

Na kile chombo cheusi cha duara kinachoning'inia nyuma ya mlango wangu, ulichokuwa ukikipiga kama ngoma ulipokuwa mdogo, nami nikakukemea bila kukuambia kwa nini, ndicho ile servo. Yule dereva wa makala alifika nayo, barabara ilipofunguka, akanifuata kwenye kambi tulikokimbilia, akanipa ikiwa kwenye gunia. Ni mpya. Haijawahi kufungwa kwenye gari lolote. Kwenye kamio lako haitaingia, ni ya gari dogo. Iache pale ilipo.

Basi ninachokuambia ni hiki. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kupanda, fanya kile kipimo. Kanyaga, acha mguu ukiwa palepale juu ya pedali, washa, sikiliza ile pumzi. Kamio jingine breki zake zina njia nyingine ya kusaidiwa, basi mwombe mwenye gari akuonyeshe yake, na usione haya kuuliza. Usukani ukilia, usiuzoee. Ukiwa mzito kuliko jana, simama utafute, anza na mkanda na mafuta, inua magurudumu, usingoje mikono yako ijifunze ule uzito. Na usizime injini kwenye mshuko. Hata siku moja. Hata ukiwa peke yako, hata ukiwa umebakiwa na kikombe cha mafuta, kwa sababu unachokifanya siku ya amani ndicho mkono wako utakachokifanya siku ya hatari, na siku hiyo hautakuuliza. Madereva wenzako watakucheka. Mama za nyuma watalalamika kwamba hawasikiani kuimba. Waache walalamike mpaka nyumbani kwao.

Kuna neno moja tena, na hili ni gumu kwangu. Sisi wa huku tumezoea pedali ngumu katika kila kitu. Mtoto halali na njaa mara moja, analala nayo mwezi mzima, tukiulizwa tunajibu iko sawa. Mimi ndivyo nilivyowalea ninyi, sikujua namna nyingine. Lakini wewe, siku kitu kikiwa kizito, sema ni kizito. Niambie mimi nikiwa ningali hai. Labda hakutakuwa na dawa. Mara nyingi hakuna. Hata hivyo sema, ili angalau mguu wako ujue.

Nenda, mwanangu. Chukua kamio la watu. Mungu wa baba yako aushike mkono wako pale unapokwenda wenyewe. Barabara asipoifungua, akupe njia ya kando. Na akujalie uzeeke katikati ya kelele za injini, nami nikikaa hapa mlangoni nikusikie ukinguruma toka juu ya mshuko mpaka chini.